Babu Aliyechimba Mafuta Akapata Maji

Enzi zetu sisi tuliokulia kule juu Njombe, mtoto alijua kumekucha kwa kusikia meno yake mwenyewe yakigongana. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba aliyekutangulia njiani ulimtambua kwa kikohozi. Sweta ilianza kwa kaka mkubwa, ikashuka kwa dada, na ilipokufikia wewe viwiko vilikuwa vimeshatoka nje kuangalia hali ya hewa. Tulikwenda shule kila mmoja na kuni yake begani, tukacheza rede hadi miguu ikapata moto, tukarudi kula kande zilizoshinda jikoni tangu asubuhi. Hakuna aliyetuuliza kama tumezipenda. Leo mwanangu anavaa soksi mbili ndani ya nyumba yenye dari na kulalamika baridi, na nikimtuma dukani ananiuliza kwa upole kama siwezi kuagiza kwa simu.

Lakini nyumbani kwetu tulikuwa na kitu ambacho wenzetu hawakuwa nacho: babu wa mafuta. Babu yangu Augustino alitumikia ujana na utu uzima wake kwenye mitambo ya kutafuta mafuta huko pwani ya kusini. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabomba ya kuchimbia, moja juu ya jingine, yazidi kushuka ardhini. Walichimba hapa, pakawa pakavu, wakahamia pale, napo pakavu. Kila alipokuja likizo, akishuka Makambako kwenye ule upepo wa kumvua mtu kofia na kudandia gari la Njombe, kijiji kizima kilimuuliza kama yamepatikana. Akajibu bado. Akastaafu, jibu likawa lile lile. Sijamjua mtu mwingine aliyelipwa vizuri, akapandishwa cheo na kuagwa kwa pilau kwa kazi ya kutopata kitu.

Kijijini hakuna aliyemwamini. Watu waliona haiwezekani mtu ale miaka yote hiyo kutokana na mafuta ambayo hayapo, wakakata shauri kwamba wazungu walimlisha kiapo asiseme. Sisi wajukuu tukitumwa na chupa kununua mafuta ya taa, mwenye duka aliwaita wateja wengine waje kutazama jinsi ukoo wa mafuta unavyopimiwa nusu chupa.

Aliyeamini kuliko wote kwamba mafuta yapo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Babu Tito. Huyu hakwenda popote. Kaka yake alipokuwa pwani, yeye alibaki na wazazi, mashamba na magonjwa yote ya nyumbani, na safari yake ndefu ilikuwa kupeleka viazi Makambako. Kiangazi kimoja alikuwa akilima vinyungu vyake, yale mashamba ya bondeni yasiyokauka, akaona maji ya mfereji yameota rangi: zambarau, bluu, kijani, kama upinde wa mvua uliolala. Akapanda mlima mbio na jembe mkononi kumwita kaka yake.

Babu alishuka taratibu, akavunja kijiti, akagusa yale maji. Ule utando ukapasuka vipande vipande kama wa maziwa yaliyopoa. Akamweleza mdogo wake kwamba hiyo ni kutu ya udongo tu, maana mafuta ukiyagusa hujikusanya tena, hayapasuki hivyo. Babu Tito alikitazama kijiti, akamtazama kaka yake.

"Kaka, miaka yote ulikwenda kula huko peke yako," akasema. "Leo yamekuja kwangu, unaniambia ni kutu."

Babu alitupa kijiti, akapanda zake mlima. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Katika kijiji ambacho hata unayemshuku kakuibia kuku unamwambia "kamwene" ukipishana naye, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko mafuta. Kanisani walikaa benchi lile lile, mmoja kila mwisho, na wake zao wamejazana katikati. Bibi zetu hao wawili waliendelea kuazimana chumvi na miche ya kabeji kana kwamba waume zao wamesafiri.

Babu Tito hakupanda viazi msimu ule. Akaanza kuchimba. Wanawe walimsaidia mwanzoni, kisha wakakumbuka kwamba Lupembe kuna chai ya kuchuma na malipo yanaonekana kwa macho. Akabaki peke yake. Babu naye kila asubuhi alibeba redio yake hadi kwenye mteremko, akakaa huko akijifanya anasikiliza taarifa ya habari, macho yote bondeni. Jioni alirudi kulalamika kwa Bibi: mdomo wa shimo ni mwembamba, udongo unarundikwa ukingoni, kuta hazina hata nguzo, mvua ikianza litamfunika.

Bibi alikuwa akimenya viazi. "Usiniambie mimi," akasema. "Aliye shimoni ni mdogo wako."

Kesho yake mawingu yalitanda mapema. Babu alifungua sanduku, akatoa ovaroli na buti ambazo hatukuwahi kumwona nazo, akavaa. Alikata miti ya miwati, akashuka nayo begani hadi bondeni. Hakusalimia. Alishusha nguzo ya kwanza shimoni, na Babu Tito, aliyekuwa chini, akaipokea, akaisimamisha ukutani. Basi wakaanza kuchimba wote wawili, wa chini akijaza ndoo, wa juu akivuta kamba.

Sisi tulipeleka chakula, na tulikaa tukisikiliza, kwa kuwa watoto wa wakati ule burudani yetu ilikuwa mazungumzo ya wakubwa. Hawakuzungumza mafuta hata kidogo. Babu alisimulia jinsi alivyokula samaki huko pwani mpaka akawa anaota viazi. Kisha siku moja akauliza jambo ambalo nadhani alikuja nalo tangu alipostaafu. Baba yao alipofariki, habari zilimfikia yeye baada ya mazishi. Aliuliza mzee aliondokaje. Babu Tito akamweleza yote kutoka kule chini, sauti ikipanda kutoka ardhini: nani alimshika mkono, nani alimwosha, mzee alimwulizia nani mara ya mwisho. Babu aliacha kuvuta. Alisimama na kamba mkononi, ndoo ikining'inia katikati, hadi mdogo wake akamwomba ama aivute ama aishushe.

Mwisho wakapata maji, kama anavyoweza kupata yeyote anayechimba bondeni. Yalikuja kwa wingi, Babu Tito akapanda juu ameloa hadi kiunoni. Wakakaa ukingoni.

"Ulijua hakuna kitu?" Babu Tito akauliza.

"Nilijua."

"Sasa ulichimba nini?"

Babu alivua buti, akamwaga tope. "Nimechimba mahali pasipo na kitu na watu baki maisha yangu yote," akasema. "Nishindwe kuchimba na wewe?"

Babu Tito alicheka hadi akakohoa. Viazi walivyopanda kwa kuchelewa vilitoka vidogo kama goroli, tukavila na maganda. Kijiji kwa upande wake kiliona ndugu wamepatana, kikatambua mara moja kwamba mafuta yamepatikana na wamekubaliana kuyaficha. Wapo wanaoamini hivyo hadi leo.

Wazee wetu hao wamelala sasa. Ule mteremko umekuwa mali, kila mtu anataka kupanda maparachichi, na sisi wajukuu tunagombania mpaka. Hatukosi mahali pa kuzungumza, kwani tunalo kundi la ukoo kwenye simu, lenye picha ya maua na maombi kila asubuhi. Festo, mjukuu wa Babu Tito, alijitoa mwaka jana bila kuaga. Babu zetu walinuniana msimu mmoja tu, kwa sababu njia ya bondeni ilikuwa moja na benchi la kanisani lilikuwa moja. Mimi niko Njombe, Festo yuko Makambako, na katikati yetu kuna lami nzuri ya mwendo wa saa moja.

Wiki iliyopita nilimwandikia kumsalimu tu, sikutaja shamba. Tiki mbili zimegeuka bluu, maana yake amesoma. Kizazi chetu hiki, sote tumesoma.