Taa ya Blanchard na mabeseni ya Mudzipela

Saa kumi na mbili asubuhi, Blanchard Katsuva anapuliza makaa uani kwake, mtaa wa Mudzipela, Bunia, mashariki mwa Kongo. Mkewe, Martine, anatoka akidhani chai iko tayari. Kumbe kwenye moto kuna chuma cha kulehemu, na birika limewekwa kando lisubiri zamu yake.

“Courant ikikatika, fundi hakatiki,” anajitetea fundi huyu wa redio, maana umeme umekatika tangu usiku.

Martine ana mimba ya miezi minane. Ananyoosha tu kidole kwenye birika.

Blanchard anaunda taa ya tahadhari kwa ajili ya pikipiki ya magurudumu matatu, ile ambayo kituo cha afya cha mtaa huitumia kuwapeleka wajawazito hospitali. Vita vya Ituri vimejaza vizuizi barabarani, na kila chombo husimamishwa. Mwezi uliopita jirani yao Espérance alijifungulia kwenye kizuizi, askari akimshikia mwavuli huku amegeuza uso.

“Na mwavuli yenyewe alishika mubaya, mutoto akanyeshewa,” anasema Martine. “Miye sitazalia ku barrière!”

Mkunga wa kituo, Adèle, alikwenda kuwaomba askari. Wakamwambia aweke taa ya kuzunguka. Wakiiona toka mbali, watashusha kamba ya kizuizi.

Ukweli ni kwamba taa hii haizunguki hata kidogo. Ni LED kumi nyekundu, zimepangwa duara ndani ya kopo angavu la mayonezi. Chipu moja, iliyotolewa kwenye king'ora cha gari bovu, inapiga mapigo. Nyingine inahesabu na kugawa zamu. Moja ikizimika, jirani yake inawaka.

“Ni kama salongo ya matofali,” anaeleza Blanchard, akimaanisha kazi ya pamoja ya mtaa. “Batu banasimama, tofali ndiyo inatembea.”

Wiki iliyopita aliijaribu juu ya paa la jiko, na hapo ndipo alipoyakoroga. Mudzipela imejaa watu waliokimbia mauaji ya Djugu, na kwao taa inayozunguka ni lori la unga wa msaada. Blanchard hajashuka ngazi, foleni imefika barabarani, kila mama na beseni lake. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kupanga watu kwa familia.

“Nilikuwa ninapima tu!” alilia Blanchard.

“Basi pima, tutangoja,” alimjibu Prudence, mama wa watoto sita, akaketi juu ya beseni lake.

Martine alitazama foleni, akatazama sufuria yake ya maharagwe. Akachukua upawa, akagawa mpaka chini kukakwaruza.

“Siye ile siku tulikula taa,” anasema, akimkata mumewe jicho. “Lakini mbele ya mutu ya njaa, utasema ilikuwa essai, kupima tu?”

Leo taa inafungwa kwenye pikipiki, na Martine anapanda kwa majaribio. Blanchard amekaa nyuma, ameshika nyaya za betri kama anayeshika kuku asimtoroke. Kizuizi kinakaribia.

Kamba inashuka. Askari wa mwavuli anawapungia mkono.

“Imeshuka! Martine, imeshuka!” anapiga kelele Blanchard, machozi yakimtoka bila haya.

Furaha inadumu mpaka wanaporudi kituoni. Mabeseni yamefika kabla yao, Prudence akiwa mbele.

“Unga hakuna,” Adèle anawatangazia, mikono kiunoni. “Lakini mama akizaa anahitaji mayi, na bomba yetu ilikauka.”

Prudence anatazama tumbo la Martine, anacheka, kisha anajitwisha beseni tupu na kuelekea chemchemi. Wengine wanamfuata. Wanarudi na maji kichwani, na pipa la kituo linajaa kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Blanchard anaomba radhi. Mpango wake, anasema, ni kutafuta LED za rangi nyingine, ili siku nyingine watu wasidanganyike.

“Usiguse!” anamkatiza Prudence. “Weye ukibadilisha rangi, tutajua aje kama ni Martine? Acha ileile. Tukiiona, tunakuya na mayi.”

Martine, ambaye mwezi mzima ameota kamba ya kizuizi, anacheka mpaka anajishika tumbo. Blanchard anaiacha taa ilivyo, anarudi nyumbani na kuweka birika motoni.