Ufa Uliokatazwa Kuzibwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakazi wa jengo namba saba, hapa Seoul, waliyachukua maneno hayo wakayafanya mpango: wasizibe ufa hata mmoja, ili wajengewe ghorofa jipya. Wakaguzi wakiliona jengo ni zima, hakuna kubomoa. Wakilipatia daraja la hatari, ruhusa inatoka. Na aliyepita mlango hadi mlango akihimiza jambo hilo ni Kang Bok-rye, Mama Jin-u, mwenyekiti wa kinamama wa jengo.

Aliyemtia aibu ni mumewe mwenyewe. Kila majira ya kuchipua, mzee Du-sik alikoroga saruji katika bakuli la zamani la kimchi, kabichi ya kuchachushwa, akapanda stuli na kuziba nyufa. Mama Jin-u akamnyang'anya bakuli.

"Unatuharibia, Baba Jin-u! Majirani wanasema umehongwa."

"Nimehongwa na nani? Na dari?"

Mwaka uleule kiharusi kikampoozesha mzee upande mmoja. Nyumba yao ni ya chumba kimoja na sebule ya kupishana kwa ubavu, kwa hiyo kitanda cha mgonjwa kikawekwa chumbani, na juu ya kitanda ndipo ulipokuwa ufa mkubwa kuliko yote.

Tangu hapo Mama Jin-u hakupata raha. Mbele ya kinamama wenzake aliusifu ufa kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akirudi kumlisha mumewe uji na kukuta chembe za saruji juu ya blanketi, alizipangusa upesi mzee asizione. Mzee alikuwa ameshaziona. Kanisani aliomba ufa uwe mkubwa wa kuwatosha wakaguzi na mdogo wa kumwacha salama Baba Jin-u. Sijui Mungu aliyapokeaje maombi hayo.

Injinia Pyo akaja na nyundo yake ya kupimia. Aligonga kuta, akatoboa ukuta wa ngazi na kuchukua kipande cha zege. Chumbani kwa mzee aliutazama ufa, kisha akakitazama kitanda.

"Ni mbaya?" akauliza Mama Jin-u, asijue anataka kujibiwa nini.

"Bibi, mgonjwa huyu hana pengine pa kulala?"

"Hana, mwanangu."

Injinia akaandika, akatoka. Wiki zote za kusubiri, Mama Jin-u alitega sikio kila mlango ulipobamizwa huko juu.

Hatimaye daraja likatoka: la hatari. Kikatundikwa kitambaa kirefu chekundu mbele ya jengo: HONGERENI, JENGO LETU LIMETHIBITISHWA KUWA HATARI! Chini, watu walikula keki za mchele, na mama mmoja wa ghorofa ya pili, aliyekuwa na magoti mabovu mwaka mzima, akacheza ngoma.

"Miaka kumi tu, Mama Jin-u," akasema katibu wa jengo, akimmiminia pombe ya mchele. "Vibali, kuhama, kujenga. Mambo yakienda vizuri."

"Kumi?"

"Basi, kumi na miwili."

Akapanda ngazi na sahani ya keki. Kitambaa kilikuwa kimeziba dirisha, chumba chote kikawa chekundu. Mzee alikuwa akiyasoma maandishi kwa nyuma, polepole.

"Hongera, mwenyekiti," akasema kwa upande wa mdomo uliomtii. "Sasa leo tunalala wapi?"

"Hapahapa, Baba Jin-u."

Akaweka sahani chini. Akalivuta bakuli lililofichwa chini ya sinki, pamoja na kopo la saruji iliyobaki, akakoroga.

"Watakuona."

"Wanacheza."

"Punguza maji. Hiyo si supu."

Akapanda stuli, yeye ambaye hakuwahi kuipanda, akaanza kujaza ufa kwa vidole, machozi na saruji vikimchuruzikia shingoni. Huko chini wakaanza kupiga makofi. Mzee alimshika kifundo cha mguu kwa mkono wake mzima, asianguke.

Bakuli likaisha kabla ya ufa.