Risasi za Kwenye Kaseti

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na tisa alipoileta kaseti ile nyumbani. Tulikaa Buyenzi, mjini Bujumbura, kwenye nyumba ya marehemu baba, mlango ukitazama barabara ya mafundi wa magari. Alikuwa ameinakili kwa kijana mmoja wa Kinindo aliyekuwa na ndugu ng'ambo. Ilikuwa albamu ya rap ya vijana weusi wa Amerika, wale walioimba bunduki, polisi na mitaa yao bila kumung'unya maneno. Kaka hakujua Kiingereza, lakini haukupita muda mrefu akawa anaifuata yote kwa mdomo, bila kujua wapi anatukana na wapi anaomboleza.

"Huyu mutu anagombana na nani?" mama aliuliza.

"Anagombana na askari wa kwao, mama."

"Basi punguza sauti. Wa huku wako karibu."

Ilikuwa miaka ya vita. Mitaa ya Bujumbura ilikuwa imeanza kufungwa mmoja baada ya mwingine, na karibu kila mtaa ulikuwa na vijana wake waliopotea, wengine wamekimbia, wengine wameshika silaha. Albamu ile iliingia katikati ya hayo yote na kusambaa kama homa. Vijana wa barabara yetu walivaa kofia nyeusi, wakashusha suruali, wakajipa majina ya Kiingereza. Kwa wengi ulikuwa mchezo tu. Ila wapo walioichukua kama maelekezo. Rafiki mmoja wa kaka, ambaye alikuwa akila kwetu mara kwa mara, alijiunga na kundi lililokuwa likifunga barabara kwa mawe upande wa kaskazini, na hatukumwona tena. Mama alimwombea dua, halafu akamwambia kaka aivue ile kofia. Kofia aliivua. Kaseti hakuiacha.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumapili, alasiri. Tangu mchana risasi zilikuwa zikisikika milimani, juu ya Kiriri, na watu wa barabara yetu walikuwa wamefunga milango. Umeme ulikuwa umekatika. Mimi na kaka tulikuwa sebuleni, yeye na redio yake ya betri miguuni, sauti akiwa ameiweka chini. Mama alikuwa chumbani akisali, mlango wazi.

Ndani ya albamu ile, baada ya wimbo mmoja mrefu, palikuwa na kipande kisicho na uimbaji. Unasikia gari linafunga breki, watu wanapiga kelele, kisha risasi, nyingi, kwa mfululizo. Tulikuwa tumekizoea kiasi kwamba hatukukisikia tena. Lakini kwenye barabara tupu, iliyonyamaza kwa hofu, kilisikika hadi nje.

Kwanza nilisikia mabuti. Halafu mlango ukapigwa teke na sebule yetu ikajaa wanaume wenye bunduki.

"Inkoho iri hehe?" mkubwa wao aliuliza kwa Kirundi. Bunduki iko wapi?

Tulilazwa chini, uso kwenye sementi. Kaka aliwahi kuzima redio alipoona mlango unafunguka, na kule kuizima ndiko kulikoharibu, kwa sababu sasa palikuwa na kimya tu, na askari waliosikia risasi kwa masikio yao.

"Ni kaseti, afande," kaka alisema akiwa chini. "Hakuna bunduki. Ni muziki."

Mmoja alimkanyaga mgongoni. Wengine waligeuza magodoro, wakamwaga unga, wakapiga dari kwa vitako vya bunduki. Kutoka pale sakafuni nilimwona mama kupitia mlango wa chumba. Alikuwa bado kwenye mkeka. Askari mmoja alisimama pembeni yake akamwamuru ainuke. Mama hakuinuka. Alikwenda kwenye sujudu, akatulia humo muda ambao kwangu haukuwa na mwisho, akarudi kuketi. Alipotoa salamu ya kushoto uso wake ulikuwa mbele kabisa ya goti la yule askari. Ndipo akainuka, akaja sebuleni, akakaa sakafuni kando ya kichwa changu, mkono kwenye nywele zangu.

Bunduki haikupatikana. Yule mkubwa akamtazama kaka.

"Haya. Tusikilizishe hiyo muziki."

Kaka aliruhusiwa kupiga magoti. Betri zilikuwa zinakufa, na akijua kuwa akirudisha kaseti nyuma kwa redio zitaisha kabisa, aliitoa, akaomba kalamu ya biki iliyokuwa mezani, akaichomeka kwenye tundu na kuanza kuzungusha. Alizungusha kwa kukisia. Alipoirudisha redioni na kubonyeza, haikutoka risasi. Ulitoka wimbo, tena ukiwa mwanzoni.

"Ziko wapi?"

"Zinakuja, afande. Wimbo ikiisha."

Basi tukasikiliza. Sauti ya yule mwimbaji ilikuwa nzito kuliko kawaida kwa sababu betri zilikuwa zimechoka, kama mtu anayesema akiwa usingizini. Mdomo wa bunduki ulikuwa umegusa kisogo cha kaka. Kila redio ilipopunguza mwendo nilihisi mkono wa mama ukikaza nywele zangu. Niliwatazama askari viatu, halafu nikathubutu kutazama juu, na nikaona kitu ambacho hadi leo sijui nikiite nini. Aliyekuwa dirishani, mwembamba, wa rika la kaka, alikuwa anachezesha midomo. Alikuwa anayajua maneno. Aliniona ninamtazama, akafunga mdomo, akageukia nje.

Wimbo ukaisha. Gari likafunga breki. Watu wakapiga kelele, kwa sauti zile nzito za kukokota, na risasi zikaanza.

Wote walishtuka, ingawa walikuwa wameambiwa. Mmoja alikoki bunduki yake. Yule mkubwa aliinua mkono kumzuia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainama mwenyewe akazima redio. Akaitoa kaseti akaitia mfukoni.

"Mungekufa kwa ajili ya hii," alimwambia mama, si kwa hasira. Wakatoka.

Mama alikusanya unga uliokuwa safi, usio safi akaufagia. Alifariki miaka mingi baadaye bila kulizungumza jambo lile tena.

Kaka akawa fundi wa magari, na ni fundi hadi sasa. Mimi nina nyumba yangu Mutakura, nashona. Binti yangu anasoma chuo kikuu na anapenda rap ya zamani kuliko ya rika lake. Mwaka jana, kaka alipokuja kututembelea baada ya swala ya Ijumaa, binti aliweka muziki kwenye spika yake ndogo barazani ili kumfurahisha mjomba wake. Hakujua. Hatukuwahi kumweleza.

Niliutambua wimbo kabla kaka hajageuza kichwa. Nikanyoosha mkono kuuzima.

"Acha," kaka alisema.

"Si lazima."

"Acha iende."

Tukakaa tukiungoja mwisho wa wimbo, yeye akiwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Binti alitutazama mmoja baada ya mwingine, tabasamu likimwisha. Risasi zilipotoka kaka alifumba macho, chai ikamwagika kidogo kwenye suruali yake. Zilipokwisha alimweleza yote, polepole, kuanzia kaseti ya yule kijana wa Kinindo. Nilimsikia akisema jambo nisilolijua: kwamba muda wote ule alikuwa akihesabu beti, kwa hofu ya betri kuzima kabla ya ubeti wa mwisho.

"Tonton," binti alisema, akimwita mjomba kwa Kifaransa kama kawaida yake, "na unajua huyu anasema nini?"

"Sijawahi kujua."

Akaurudia wimbo kwa sauti ndogo na kumfasiria mstari kwa mstari. Mwimbaji alikuwa anaeleza jinsi polisi walivyovunja mlango wa kwao wakitafuta kitu kisichokuwepo, na mama yake akiangalia. Kaka aliomba arudie sehemu ya mama. Halafu akasema inatosha, akaaga mapema.

Gari lake halikuondoka. Nilitoka nikamkuta ameketi, injini inaunguruma, mikono iko juu ya usukani.

"Uko salama?"

"Niko salama. Ningoje kidogo."

Nikasimama naye pale hadi alipoondoa gari.

Niliporudi ndani binti aliniuliza kama aifute albamu kwenye simu yake. Nilimwambia hilo amuulize mjomba mwenyewe. Alimuuliza Ijumaa iliyofuata. Kaka alimjibu aibakize, ila asimshtukize. Sasa kila anapotaka kuisikiliza mjomba wake akiwepo, humwambia kwanza, "Tonton, naiweka," na kuna siku kaka anajibu sawa, na kuna siku anajibu apana, si leo.