Bingwa na Karani wa Posta

Mtaani walimwita Fundi, maana alishona sare za shule. Wachezaji wa sataranji nao walimwita hivyohivyo, kwa sababu nyingine: ustadi wake. Baba yake ndiye aliyemfundisha mchezo huo, na Fundi akiwa na miaka tisa tu akamshinda mzee. Mzee alicheka, akakunja ubao, asicheze naye tena. Kaka zake wakasema, "Nani atie kichwa kinywani mwa simba?" Walimkimbia kwa utani, lakini walimkimbia kweli.

Akawa bingwa wa nchi miaka kumi na moja mfululizo. Mara tisa alipambana fainali na karani mmoja wa posta, mwembamba, shati limepigwa pasi likanyooka hadi vifungoni. Nje ya mashindano hawakuonana kamwe. Ila mchezo ukiisha na watu wakiondoka, karani alipanga kete upya.

"Dada, ningemtoa farasi mapema ingekuwaje?"

"Ungekufa mapema."

Basi walicheka, wakaurudia mchezo wote hatua kwa hatua, mpaka mfagiaji aje kuwafukuza. Kwa Fundi, mwaka mzima ulikuwa wa cherehani. Maongezi yalikuwa yale tu ya saa mbili baada ya fainali.

Mwaka wa kumi na mbili karani hakutokea. Mwamuzi akamwambia amefariki, presha, wiki ya tatu sasa. Fundi aliuliza nyumba ilipo, akaenda kutoa pole.

"Karibu," mjane alisema mlangoni. "Wewe ni nani wake?"

Si ndugu, si mwenzake wa kazini. Hata kusema rafiki Fundi aliona haya.

"Nilikuwa namshinda," akasema.

Mjane akamkodolea macho, kisha akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe ndiwe! Alikuwa anarudi kashindwa, lakini anakula kwa hamu. Nikimuuliza anafurahia nini, ananiambia, 'Leo nimezungumza na mtu.'"

Fundi alilia palepale kizingitini, yeye ambaye hata msiba wa baba yake aliumeza kimya.

Alishinda miaka miwili mingine, akaacha. Magazeti yaliandika kachoka, naye hakuyasahihisha. Kwa mjane alirudi mara moja tu. Walikunywa chai, wakakosa la kusema: mmoja hakujua sataranji, mwingine hakumjua marehemu alivyokuwa nyumbani. Wakaagana kwa upole.