Pembe Iliyopita Migombani kwa Baba

Siku tuliyopima kijiji kipya kule kwetu Nyakisasa bado ninaikumbuka, mwanangu, ndiyo maana leo nimevuta kiti karibu na kompyuta yako. Nakuona unaizungusha hiyo ramani kwa kidole mpaka ikupendeze. Subiri kwanza.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mpima kijana, nimetoka chuoni juzi tu, najiona kweli kweli. Ramani tuliyoletewa haikuwa na mshale wa kaskazini. Tukaweka alama ya kigango, kikanisa chetu kidogo, palipo na kigango chenyewe, tukachukulia kwamba juu ya karatasi ndiko kaskazini, vigingi vikaanza kupigwa. Barabara iliyochorwa kwenye ramani ikaingia katikati ya shamba la mjane, jirani yetu.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza polepole, "Kijana wangu, una uhakika? Hii migomba ndiyo inayonilishia watoto."

Sikuwa nao. Alama moja huishika karatasi mahali pake tu, haiizuii kuzunguka. Nikatafuta ya pili, jabali lililo juu ya kilima. Kwenye karatasi, mstari kutoka kigango hadi jabali ulikuwa nyuzi arobaini. Dira ikaonyesha hamsini na mbili. Ukitoa, zinabaki kumi na mbili. Karatasi ilitakiwa kuzungushwa nyuzi hizo, kufuata mwendo wa mshale wa saa.

Nikaizungusha. Barabara ikamwacha yule mama, ikaingia migombani kwa baba yangu, migomba aliyoachiwa na babu.

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Pale hakuna mwingine aliyejua kusoma kipimapembe. Ningenyamaza, nani angenihoji?

Jioni nikamweleza baba.

"Inaniuma," akasema. "Lakini ungeiacha barabara kwa yule mama, neno lako ningeliamini lini tena?"

Asubuhi alishika panga mwenyewe, akaanza kukata. Nililia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Basi, tafuta alama mbili unazozijua, pima pembe ya mstari unaoziunganisha, kwenye ramani na ardhini. Tofauti ndiyo pembe yako. Ihakiki kwa alama ya tatu, maana kompyuta nayo inatii tu unachoiambia. Ukishaipata usiipunguze, hata ikielekea kwenu.

Mungu akubariki, mwanangu. Kazi yako iwape watu wengi pa kulima, na wa kwenu wakufungulie mlango hata siku uliyowaumiza.