Wodi Nzima Ikingoja Upepo wa Havyarimana

Huko Busunzu wanasema Havyarimana akijamba, mbuzi wa jirani hukata kamba, na mwaka ule wa nzige aliwapa mgongo mara moja tu, wakarudi walikotoka. Anayebisha akawaulize mbuzi.

Sasa mzee huyo kalala hospitalini Kasulu. Utumbo uliojisokota umekatwa na kuungwa, na daktari katoa amri: asile wala asinywe mpaka ajambe, ndipo ijulikane utumbo umeanza kazi. Mkewe, Esteri, kaketi kando ya kitanda, sikio kwenye blanketi, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Mzee, jaribu."

"Najaribu! Unadhani naficha?"

Wodi ikaangua kicheko. Kesho yake haikucheka. Tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma.

Daktari Zuhra akauliza mzee alikuwa akila dawa gani nyumbani. Esteri akajibu kwa fahari, maana yeye ni mke anayejua kutunza: rangi mbili, zile kapsuli za dukani. Mafua, rangi mbili. Mgongo, rangi mbili. Hata humu wodini amekuwa akizipasua kwa siri na kumlambisha unga wake, ili kidonda kiwahi kupona.

Daktari akashusha pumzi. "Mama, utumboni kuna vijidudu vyema, wenyeji wa humo. Huenda vinausaidia utumbo kushikana baada ya kukatwa. Hatujayajua yote. Lakini dawa hii haichagui. Inaua wabaya, inaua na wenyeji."

Havyarimana, aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Mtabila mpaka ilipofungwa, akafumbua jicho moja. "Kumbe hata tumboni mwangu wamefunga kambi."

"Basi ni mimi?" Esteri akauliza.

"Sijui, mama. Hakuna awezaye kukwambia ni wewe, wala kwamba si wewe."

Hapo ndipo Esteri alipovunjika. Kosa lililo wazi mtu hulilia likaisha. Hili halikuwa na pa kulishikia.

Alasiri sauti ikatoka, ndefu, yenye majimaji. Mama aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha jirani akapiga kigelegele. Esteri akarukia chupa ya uji. Nesi akafunua blanketi, akaganda.

Upepo haukupita njia yake. Ulitokea kwenye mshono wa tumbo, na choo kikiufuata nyuma.

"Umesikia, mke wangu?" Havyarimana alikuwa akitabasamu, macho juu darini. "Haya, nipe uji."

Esteri alishika kikombe. Hakumimina.