Mchi wa Mama Ndani ya Barua

Jumatatu ya kwanza ya Agosti tulimzika baba yangu hapa Makote. Katika vitu vyake nimechukua kimoja tu: barua niliyomwandikia nikiwa msichana. Nikiishika, mwanangu, kicheko hutangulia machozi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, sabuni za kunukia zimeanza kurudi madukani Newala. Baba alikwenda hospitali ya Ndanda kupasuliwa macho, akamwacha mama kitandani na homa kali. Huko baba alifungwa bandeji macho yote mawili, akaambiwa atulie siku kumi, la sivyo angepofuka. Mama alipopona, nikaambiwa niandike, kwa kuwa mimi ndiye niliyemaliza darasa la saba. Nikaandika kama tulivyoandika wote: "Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako." Nikampa jirani yetu, Mama Hadija, aliyekuwa akienda kumwona mwanawe aliyelazwa huko huko.

Siku ya tatu Mama Hadija akarudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Somoe, umemwandikia nini baba yako? Anataka kufungua bandeji aje! Anasema mama yako amekufa, mnamficha."

"Mbona nimeandika hatujambo?"

"Ndiyo hiyo hatujambo yako! Anasema hata wenye matanga huandika hatujambo. Barua yako haina hata moshi wa jikoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Niliona aibu, kwa sababu ni kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia kaka yangu "hatujambo" siku tatu baada ya kumzika bibi.

"Andika nimepona, basi!" mama akasema.

"Hataamini, mama. Wewe twanga tu."

Nikakaa barazani, nikaandika yaliyokuwa yakitokea saa ile ile:

"Baba, mchi wa mama unalia tu! tu! unasikika mpaka kwa Mama Hadija. Mabibo ya mikorosho yameiva, ua mzima unanuka utamu unaokaribia kuchacha. Yule mbuzi wako mwekundu ameingiza kichwa katika chungu cha mabibo, kimekwama. Anazunguka ua, chungu kinagonga ukuta, ko! ko! Mama ameacha kutwanga, anamkimbiza, anamfokea kwa maneno yale yale anayokufokea wewe ukichelewa kula."

Kesho yake Mama Hadija akaipeleka. Muuguzi alipoisoma, Mama Hadija alitusimulia baadaye, wodi nzima ilicheka. Baba akasema, "Huyo ni mke wangu. Nani mwingine ana kelele hizo?" Akalala siku zake zote kumi, akarudi anaona.

Mwanangu, asiyekuwapo na lake halipo, lakini barua nzuri humrudisha mtu kwenye mkeka wake. Ukiandika, usimwambie msomaji kwamba nyumbani ni kwema ukaishia hapo. Mpe mchi ausikie, mpe moshi umwingie puani, ataamua mwenyewe. Ila usitie harufu ambayo hukuinusa. Huo nao ni uongo, hata ukipendeza. Mungu akupe masikio mepesi, na mkono usioficha.

Wiki moja kabla hajafariki, baba aliniomba nimsomee tena barua ile. Nilipofika kwa mbuzi, akaninyamazisha, akagonga ukuta mara mbili kwa kidole, ko, ko, akacheka mpaka akakohoa.